Kapteni Mvi Alirudi Itigi au Hakurudi

Ninyi mnaoshika mikrofoni siku hizi, wewe Hamisi na wenzako wa Manyoni, na hao wa Singida mjini nisiowajua hata kwa sura, mliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Haya, naandika. Naandika nimesimama, karatasi ziko juu ya spika mbovu, kwa sababu kukaa siwezi. Toka niache kazi miguu yangu haijakubali. Nikikaa kidogo naona kama kuna filamu inaendelea mahali na hakuna anayeisemea, basi nainuka, natoka mpaka nje, natazama barabara, narudi. Mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mahali nilipokosea herufi mtajua wenyewe nilitaka kusema nini. Kazi yetu ndiyo hiyo hata hivyo, kujua mtu alitaka kusema nini.

Kwa asiyejua: mimi nilikuwa mtafsiri wa filamu kwenye banda la video, hapa Itigi, jirani na stesheni. Filamu ya kigeni inacheza ukutani, watu wamejaa kwenye mabenchi, na mtu mmoja amekaa pembeni na mikrofoni anawaambia nani kasema nini, nani mbaya, steringi, yaani shujaa wa filamu, anapanga nini. Huyo mtu nilikuwa mimi.

Nilifundishwa Utemini, Singida mjini, na Bwana Sefu, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza nilifika mapema kuliko mwenye banda, nikashindwa kusubiri, nikazunguka lile banda mpaka mama wa jirani akaniuliza kama nimepoteza mbuzi. Bwana Sefu akaja, akaniangalia, hakuniuliza kama najua Kiingereza. Yeye mwenyewe alijua kidogo sana, cha kuombea maji. Akanipa kitambaa na chupa ya spiriti, akasema, "Safisha deki," ile mashine ya kuchezea kanda. Nikasafisha. Siku ya pili, safisha deki. Wiki nzima safisha deki. Nikamwambia, "Bwana Sefu, shikamoo, mimi nimekuja kusema, sikuja kufuta." Akanijibu, "Marahaba. Unapofuta unafanya nini na macho?" Nikasema natazama filamu. "Basi hiyo ndiyo shule. Usitazame midomo, midomo inadanganya. Tazama mikono."

Nikajifunza mikono. Mtu anayedanganya huwa anashika kitu. Mtu anayependa mwanamke huwa hajui mikono aiweke wapi. Na mikrofoni uivalishe soksi, soksi safi, maana mate yako yataiua. Hilo la soksi Hamisi alinicheka, akanunua mikrofoni ya kisasa, hakuivalisha, ikafa mwaka uleule. Sisemi zaidi.

Sasa niwape desturi moja ya mabanda yetu, maana bila hiyo hamtaelewa mbele. Filamu zenye namba, namba moja, namba mbili, tatu, huwezi kuianza namba nne hivihivi. Kuna mtu katoka Mitundu na asali yake, hajaona moja mpaka tatu. Kuna mwingine alikuwa jela. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, mtafsiri anasimulia zote zilizopita kwa mdomo, fupifupi. Tunaita marejeo. Na kwenye marejeo kuna sheria isiyoandikwa popote: kilichosemwa kwenye marejeo kimetokea. Ambacho hakikusemwa hakikutokea. Niliwahi kumsahau mtoto wa adui kwenye marejeo, na alipotokea ukutani watu wakapiga kelele, "Huyu nani? Katoka wapi?" Ikabidi niseme ni mpangaji.

Kulikuwa na filamu za angani, zile za vyombo vinavyoruka kwenye nyota. Jina lake la kizungu lilikuwa refu, sisi tuliziita Meli ya Juu. Steringi wake mzee mwenye nywele nyeupe, tukamwita Kapteni Mvi. Ana roboti lake la bati, tukaliita Debe. Katika namba mbili, Kapteni anaingia chumbani, anamwinamia Debe kichwa, wanaongea, Kapteni anatoka ameudhika lakini anatii. Mimi nikatazama mikono. Mtu mzima, kapteni, anamwinamia nani? Nikasema kwenye mikrofoni, "Shikamoo mjomba." Basi. Toka siku ile Itigi nzima inajua Debe ni mjomba wa Kapteni Mvi. Harusi ya Kapteni katika namba tatu, watu walimwangalia Debe kwanza waone kama ameridhika.

Namba tano ikaisha vibaya. Chombo kinaungua, Kapteni anawatoa wenzake wote, yeye anabaki kwenye nyota kavu isiyo na kitu, anatazama juu, giza. Mwisho. Na wenyewe waliozitengeneza, huko kwao, wakakaa miaka bila kutoa nyingine. Watu walinisumbua barabarani. Naenda kununua chumvi naulizwa, Kapteni je? Naenda msibani naulizwa.

Hapo ndipo alipoingia Stella.

Stella ni binti wa Mzee Msengi. Huyu mzee ni Mnyiramba wa Ulemo, lakini maisha yake yote alikuwa mtu wa reli, wale wa genge, wanaokaza mataruma. Nywele zake nyeupe pee. Lazima niseme na lile lingine, na yeye amesema niseme. Alipelekwa kazini upande wa Kigoma, mke akabaki hapa Itigi na mtoto. Huko alikaa miaka. Kulikuwa na mambo mengine huko, si yangu kuyaeleza. Alipokuja kushuka kwenye treni hapa, na begi lake, mama yake Stella alikuwa ameshazikwa, na Stella alikuwa msichana mkubwa anaishi na bibi yake kwenye nyumba ileile. Mzee akaingia, akakaa, akawa baba tena. Hilo jambo hawakuliongea. Watu wa kwetu tunaweza kukaa na jambo ndani ya nyumba kama tunavyokaa na kabati.

Stella alikuwa mtu wa simu, kupiga picha harusi, kipaimara, maulidi. Siku moja akaja bandani mchana, akasimama mlangoni.

"Shikamoo Mzee Juma."

"Marahaba, Stella."

"Wenyewe wakikataa kumalizia Meli ya Juu, sisi tukimalizia kuna ubaya gani?"

Nikamwambia angani hatujafika. Akasema, "Angani si lazima. Kapteni tayari yuko chini. Ni kumrudisha tu."

Akamchukua baba yake awe Kapteni Mvi. Mzee Msengi alikataa, akakubali, akakataa, siku ya siku akaja amenyoa ndevu. Nguo za angani zilikuwa mifuko ya salfeti na foili. Kofia ilikuwa ndoo iliyokatwa mbele. Chombo kilichoungua ni behewa bovu lililolala pembeni ya reli toka sijui lini. Ile nyota kavu ni vichaka vyetu hivi hivi vya Itigi wakati wa kiangazi, na wala hakuongeza kitu. Kwa ukungu wa ile nyota, Stella alimchukua mrina asali mmoja na moshi wake wa kufukizia nyuki. Nyuki wakaja. Kuna sehemu Kapteni Mvi anakimbia sana, watu wanasifu anavyoigiza hofu. Pale haigizi. Debe alikuwa debe.

Sauti Stella hakurekodi. Upepo ulikuwa unaingia kwenye simu, halafu alisema, "Mzee Juma utasema wewe, kama kawaida." Kwa hiyo filamu yote ni mikono. Kapteni anatoka kwenye behewa, anatembea, anapita vichakani, anaifuata reli, anatembea, anafika kwenye nyumba. Anabisha hodi. Mlango unafunguliwa, amesimama Stella, kajifunga khanga ya mama yake. Wanatazamana. Kapteni anavua ile ndoo. Mwisho.

Tuliionyesha sikukuu, mchana, banda limefungwa turubai lisipitishe jua. Mzee Msengi amekaa benchi la mbele. Nilisema vizuri siku ile, nilikuwa situlii, nilisimama kuanzia behewa mpaka mwisho. Mlango ulipofunguliwa nikasema, "Mke wangu, nimerudi." Na yule mwanamke nikamjibia, "Nilijua utarudi, mume wangu." Watu walipiga makofi mpaka vumbi likadondoka darini. Mzee Msengi alikuwa anafuta macho, anacheka. Stella alikuwa nyuma karibu na jenereta. Nilimtazama, yeye alikuwa anamtazama baba yake.

Toka hapo mzee akawa Kapteni. Sokoni, "Shikamoo Kapteni." Akienda kunywa chai anaulizwa mjomba Debe hajambo. Alitembea tofauti. Na mimi nilipofanya marejeo, nilisema moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu ya Stella. Kapteni amerudi nyumbani. Kwa Itigi limekwisha.

Kisha wenyewe wakatoa namba sita.

Hamisi ndiye aliyeileta kwenye flashi. Wakati ule alikuwa anajifunza kwangu, amesoma mpaka kidato cha sita, Kiingereza anakisikia kama unavyosikia mvua. Alikuwa ameshaitazama kwenye simu. Akanikuta nasafisha projekta, macho yangu yameshaanza utando, naifuta kwa kupapasa.

"Mzee, kuna tatizo. Kapteni anakufa."

"Anakufa wapi?"

"Mwanzoni kabisa. Wanaonyesha pale namba tano ilipoishia. Hakutoka pale. Moto ulimfuata, akafa palepale. Kwa hiyo ya Stella haikutokea."

"Imetokea, mimi nimeisema."

"Mzee, ile ni filamu ya mashabiki. Huko nje zipo nyingi, watu wanatengeneza majumbani. Wenyewe hawazihesabu. Mwenye hadithi ndiye anayesema nini kimetokea."

Stella alikuwa ameshaingia, maana habari ya namba sita ilishafika sokoni. Akasema, "Debe ni nani yake Kapteni?"

Hamisi akaanza kuichezea ile flashi.

"Si nakuuliza, Hamisi. Debe ni nani yake?"

"Kwa Kiingereza ni mashine tu. Fundi wa meli."

"Na hapa Itigi?"

"Mjomba," Hamisi akasema, kama mtu anayetapika.

"Wenyewe walisema mjomba?"

"Hawakusema."

"Basi toka namba mbili hatuangalii ya wenyewe. Hilo la mjomba limehesabiwa, langu lisihesabiwe kwa nini?"

Hamisi akasema mjomba ni kosa dogo la tafsiri, halizuii hadithi kwenda mbele, lakini mtu hawezi kuwa amekufa na amefika nyumbani. Tukiyaweka yote mawili kwenye marejeo yule wa Mitundu na asali yake atachanganyikiwa. Na nyie mnaosoma, msidhani Hamisi alikuwa mbishi bure. Alikuwa na haki yake. Kazi yetu ni kusema kilichopo ukutani. Ukianza kuchagua nani afe, watu watarudi kesho wakuombe umfufue na mwingine.

Lakini Stella akanivuta pembeni. "Mzee Juma, mimi siombi kwa ajili yangu. Baba atakuwa amekaa pale mbele. Kapteni akifa pale kabla hujasema kwamba alirudi, ina maana hakurudi. Itaje tu kwenye marejeo. Ukishaitaja imetokea."

Usingizi ulinipotea siku zile. Mke wangu akaniambia nihamie bandani kama ni hivyo. Nilitembea mpaka stesheni, nikatazama watu wanauza asali kwenye madirisha ya treni, nikarudi, nikasahau nilichoendea. Niliwaza kumficha mzee, nimtajie siku isiyo yenyewe. Niliwaza kusema yule anayekufa ni pacha. Bwana Sefu angesema tazama mikono, lakini mikono ya nani?

Siku ikafika, mchana, watu wamejaa mpaka wengine wako juu ya jenereta bovu. Mzee Msengi mbele, amevaa koti. Nikaanza marejeo. Moja, chombo kinajengwa. Mbili, mjomba Debe. Tatu harusi, nne vita. Tano, Kapteni anabaki peke yake. Hamisi kidole chake kiko kwenye rimoti, ananitazama. Nikasema, "Na baada ya hapo Kapteni Mvi akatembea, akafuata reli, akafika nyumbani Itigi." Makofi. Hamisi akatikisa kichwa, akawasha.

Dakika chache tu. Moto ukaja kama Hamisi alivyosema. Kapteni akapiga magoti, akashika kifua, akaangalia juu. Nikasema kilichopo. Nikasema, "Kapteni amekufa." Sikuongeza.

Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea benchi la mbele. Jamaa mmoja muuza maji akasema kutoka nyuma, "Sasa Kapteni, tushike lipi? Umefika au umezikwa?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuona aibu.

Mzee Msengi akanyanyua mkono. "Hamisi, isimamishe hapo, baba."

Hamisi akaisimamisha. Kapteni wa wenyewe amepiga magoti ukutani, mzee anamtazama.

"Hii ndiyo ya kweli," akasema. Alisema taratibu, kama anaongea na mtu mmoja. "Ile ya mwanangu ni nzuri, na nyie mmenipa heshima nayo. Lakini mimi nilipofika pale nyumbani hakuna mke aliyenifungulia. Alikuwa ameshazikwa, wengi wenu mlikuwepo kwenye mazishi na mimi sikuwepo. Huyu aliyekufa njiani ndiye mimi. Msimlazimishe Mzee Juma kusema vingine."

Nikabaki na mikrofoni mkononi, soksi imelowa jasho.

Stella akatoka kule nyuma. Watu wakampisha kwenye mabenchi. Akafika mbele, hakupandisha sauti.

"Baba, pale mlangoni nilikuwa nani?"

"Mama yako. Si Mzee Juma alisema?"

"Mzee Juma alisema. Mimi sikusema. Sikurekodi sauti." Akanitazama, bila ubaya, afadhali angenitukana. "Mzee Juma aliona khanga akasema mke. Nikaona baba unacheka, nikanyamaza. Lakini pale sikuwa mama. Nilikuwa mimi. Siku uliyoshuka na begi nani alikufungulia?"

Mzee akamgeukia.

"Khanga ilikuwa ileile," Stella akasema. "Bibi alinipa. Ulibisha hodi, nikafungua, ukavua kofia ukashindwa kuongea. Nimeigiza vilevile. Ulifika, baba. Ulichelewa kwa mama, kwangu ulifika."

Nje treni ya mizigo ikapita, ukuta ukatetemeka, kapteni wa wenyewe akatetemeka naye. Tulingoja ipite, kama tunavyofanya siku zote, hakuna mtafsiri anayeshindana na treni.

Ilipopita Mzee Msengi akasema, "Hamisi."

"Naam mzee."

"Hii ya wenyewe itatungoja?"

Hamisi, ambaye mpaka leo naandika hivi anashikilia kwamba filamu ya mashabiki haihesabiwi na hatahesabu hata moja, akachomoa ile flashi akaiweka mfukoni. Akachukua ya Stella kwenye droo. Akaipeleka mbele mpaka penye nyumba, kabla hodi haijabishwa, akaisimamisha hapo. Akanitazama. Watu wote wakanitazama.

Nikaivua mikrofoni soksi, maana ilikuwa na mate yangu, nikampa Stella. Aliishika vibaya, karibu mno na mdomo, nikamsogezea. Halafu nikatafuta pa kukaa. Mzee Msengi akasogea kidogo akanipisha, macho yake yakiwa ukutani. Hodi ikabishwa, mlango ukafunguliwa, na mimi kwa mara ya kwanza toka Utemini nikakaa kwenye benchi la watazamaji, nikasubiri kuambiwa na mwenye filamu nani amesema nini.